Nduthi Ikizima Obunga, Uliza Kwanza Ilikuwa Inafanya Nini

Leo hatubongi viatu wala ngoma mpya. Tunabonga ile shida inakulanga siku mzima, na jioni bado mwenye nduthi anadai hesabu yake. Mashine inawaka freshi, unaweka gia, unatoka kidogo, inazima. Unapiga kiki, inakohoa, inawaka, inazima tena. Abiria ashashuka, anapungia boda ingine mkono.

Hapa Obunga, mtaa ya Kisumu, hii kitu haina huruma. Mzigo ya maana huku ni mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inabaki viwandani wakishatoa minofu. Mamathe wa mtaa wanainunua, wanaikaanga, wanauza. Sasa wewe umeibeba saa saba jua ikiwaka, alafu nduthi inakuzimia hapo Kondele. Samaki haijui stori za kabureta. Ikioza, ni mathe amepata hasara, na kesho atatafuta msee mwingine wa kubeba.

Ukikwama, madaktari wanajitokeza bila kuitwa. Wa kwanza: "Omera, hiyo ni plagi." Wa pili anaapa ni kabureta. Wa tatu, hata hajashuka kwa nduthi yake, ashasema ni CDI, ile boksi ya kuamuru cheche. Na kila mmoja ako na beshte Kibuye anauza hiyo spea. Unanunua zote tatu, doo inaisha, na nduthi inazima vile ilikuwa inazima.

Hii tabia ya kubahatisha spea imetoka mbali. Kisumu ilikuwa mji ya boda za baiskeli kabla nduthi zijae, na zilijaa haswa baada ya serikali kutoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008. Baiskeli ugonjwa wake uko nje: cheni imekatika, tyubu imetoboka, unaona na macho. Sisi tulihamia kwa injini na macho ya baiskeli. Injini inaficha kila kitu ndani ya chuma. Kitu haiwezi kuficha ni wakati wa kuzima, na ushahidi wote uko hapo. Kabla ushike spana, jiulize: ilikuwa inafanya nini ikizima?

Kwanza toa aibu

Cheki vitu za bure. Swichi nyekundu ya kuzima injini iko wapi? Watoi wa mtaa wanapenda kuicheza ukiwa kwa kibanda unakula chapo. Koki ya petroli iko wazi ama jana uliifunga? Petroli iko ama umefika rizavu? Nduthi zingine za siku hizi zinakataa kuenda stendi ya kando ikiwa chini, so hiyo pia angalia. Terminali za betri shika na mkono: zikicheza, kaza. Na ka nduthi ni ya mkopo na imewekwa traka, fuata zile waya zake mpaka kwa swichi. Joinia moja imelegea inatosha kukata moto kila ukiruka shimo.

Inazima asubuhi ukirudisha choki

Ukivuta choki inawaka, ukiirudisha inakufa. Ama inaenda poa ukishikilia moto, lakini ukiachilia pale junction inanyamaza. Hapo injini inalilia petroli. Ndani ya kabureta kuna jeti ndogo ya mwendo wa chini, tundu lake jembamba sana, na uchafu kidogo tu unaiziba. Fungua kabureta, toa hiyo jeti, osha na petroli safi, puliza na hewa ya kompresa. Usiichokore na waya ya chuma, utapanua tundu na utaanza shida mpya.

Ka jeti ni safi, cheki mpira unaunganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa inaingia kwa mlango ya nyuma. Nyunyizia maji ya sabuni hapo injini ikinguruma: mlio ukibadilika, umepata mwizi.

Wasee wengi wanafanya shortcut: wanakaza skrubu ya nje ndio mlio upande, nduthi isizime. Inatulia, ndio, lakini jeti bado imeziba na sasa unachoma petroli ya bure kila ukingoja abiria.

Inazima baada ya mwendo, alafu ukipumzika inawaka

Hii ndio imedanganya watu wengi. Unatoka Obunga, unapita Mamboleo, unaanza kupanda Riat, inaanza kuvuta vibaya, inakufa. Unakaa dakika kadhaa, inawaka ka hakuna kitu. Siku ikikufanyia hivyo, usiguse plagi. Fungua kifuniko cha tanki hapo hapo, na usiwe na sigara mkononi. Ukisikia "fyuuu" ya hewa ikiingia, na nduthi iwake mara moja, kesi imeisha. Kifuniko kina katundu ka kupumua. Vumbi na matope zikikaziba, petroli inashindwa kushuka juu hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Kuosha kifuniko ni sare.

Ka hakuna "fyuuu", toa paipu ya petroli, elekeza kwa chupa, fungua koki. Inafaa itiririke mfululizo. Ikidondoka tone kwa tone, kichungi cha koki kimejaa taka ya tanki.

Inazima ikishika joto

Kukiwa na baridi ni malaika. Ukipiga raundi kadhaa za tao, inazima, na haiwaki mpaka injini ipoe. Hapa lazima utesti ikiwa imekufa, sio baadaye. Toa plagi, irudishe kwa kofia yake, egemeza chuma yake kwa injini mbali na petroli, piga kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu inamaanisha umeme uko sawa. Ka hakuna cheche, ama ni dhaifu na ya manjano, jaribu plagi ingine kwanza. Ikikataa bado, sasa ongea mambo ya koili na CDI, juu hizo ndio zinachokanga na joto.

Ka cheche iko na petroli iko, cheki tapeti. Zikiwa zimekazwa sana, valvu inashika joto, inarefuka, haifungi vizuri, na injini inakosa nguvu ya kujishikilia. Tapeti zinasetiwa injini ikiwa baridi kabisa. Kwa nduthi nyingi ndogo nafasi kati ya tapeti na valvu ni kitu ya 0.05 hadi 0.1 mm, lakini fuata namba ya kampuni iliyotengeneza yako. Fundi akitaka kuzifanya injini ikiwa moto ndio umalize haraka, mwambie utarudi asubuhi.

Inazima mvua ikinyesha

Mvua ya Kisumu inapenda kuja mchana ikielekea jioni, wakati tu kazi imechangamka. Nduthi ikikata baada ya kupita dimbwi, kausha kofia ya plagi na waya yake. Ikikata hata siku ya pili, shuku maji kwa petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, so yanalala chini kwa bakuli ya kabureta. Legeza skrubu iko chini ya hiyo bakuli, pokea kwa chupa ya plastiki ya kuonekana ndani, acha itulie. Ukiona vitu mbili zimejitenga, ile ya chini ni maji. Mwaga mpaka itoke safi. Na ile petroli ya chupa ya kando ya barabara, hujui imechanganywa na nini. Mwaka wa 2018 serikali iliwekea mafuta ya taa ushuru wa bob 18 kwa lita, juu watu walikuwa wanayachanganya na mafuta ya magari.

Plagi ni ripoti, isome

Kila ukitoa plagi, angalia rangi. Kahawia ya chai, uko fiti. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi ama chujio la hewa limejaa vumbi. Nyeupe, injini inakosa petroli, rudi kwa jeti. Imelowa oili, na nyuma unatoa moshi ya buluu, hiyo ni ringi ama valvu. Hapo anza kuweka doo kando, juu plagi mpya haitaponyesha hiyo.

Chini ya siti beba spana ya plagi, plagi moja mzima, kipande ya msasa, chupa tupu na kitambaa kikavu. Badilisha kitu moja kwa wakati, testi, alafu uende kwa ingine. Ukibadilisha tatu pamoja na iwake, hutajua gani ilikuwa mbaya, na utalipia zote.

Ukifika kwa fundi, usimwambie tu "inazima." Mwambie: "Inazima ikishika joto, nikipanda Riat, na cheche hakuna." Hiyo sentensi inamnyima nafasi ya kubahatisha na doo yako. Na spea yoyote akitoa, omba ile ya zamani urudi nayo keja.

Na wewe pia, ukipata msee amekwama hapo Mamboleo, usishuke na jina ya spea mdomoni. Muulize ilikuwa inafanya nini ikizima, umsikize mpaka amalize, ndio utoe spana.