Big Youth: Dijei Aliyetaka Santuri Ziwe Zake

Manley Augustus Buchanan, anayejulikana zaidi kwa jina la Big Youth, ni dijei na mtayarishaji wa muziki wa Jamaika aliyezaliwa Kingston tarehe 19 Aprili 1949. Alianza kwa kughani juu ya midundo iliyomilikiwa na wengine, akavuma kisiwa kizima kabla ya kutimiza miaka 25, kisha akafungua lebo zake ili santuri anazotoa zibaki mali yake. Safari hiyo ya kutoka kwenye maiki hadi kwenye umiliki inaonyesha vizuri jinsi muziki wa dansiholi ulivyojengeka na nani alifaidika nao.

Nchini Jamaika, dijei si yule anayepiga santuri. Hiyo ni kazi ya selekta. Dijei hushika maiki, akaghani, akatania, akasifu na kuonya huku muziki ukiendelea. Sanaa hiyo ilikulia kwenye saundi sistimu, mitambo mikubwa ya spika iliyofungwa viwanjani na kumbini tangu miaka ya 1950, na iliyoshindana kuvuta watu. Count Machuki na King Stitt ni miongoni mwa waliotangulia kuifanya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, studio zilianza kutoa santuri zenye wimbo upande mmoja na mdundo wake mtupu upande wa pili. Upande huo wa pili, ulioitwa vesheni, ulimwachia dijei uwanja mzima. Mwaka 1970 U-Roy, dijei wa mitambo ya King Tubby, alirekodi kwa mtayarishaji Duke Reid nyimbo tatu zilizoshika nafasi tatu za juu kwenye chati za redio za Jamaika kwa pamoja. Tangu hapo dijei alihesabiwa kuwa msanii wa kurekodi, si mchangamsha dansi tu.

Wakati huo Big Youth alikuwa fundi wa injini za dizeli. Alipata kufanya kazi kwenye hoteli ya Sheraton mjini Kingston, na hapo ndipo alipojinoa, akighani huku mikono iko kazini. Jina lake la kisanii alipewa na mafundi wenzake. Jioni alihudhuria madansi, na kufikia mwaka 1970 alikuwa akishika maiki kwenye saundi sistimu ya Lord Tippertone, ambako baadaye akawa dijei wa kudumu. Dansi lilikuwa mtihani mgumu. Mashabiki waliokuwa mbele ya spika walionyesha papo hapo kama maneno yamewaingia, na dijei aliyeshindwa kuwashika alijikuta akighania watu wachache huku wengine wakihamia kwa mshindani.

Rekodi yake ya kwanza, "Movie Man", ilitoka mwaka 1972 kwenye African Museum, lebo ndogo ya waimbaji Gregory Isaacs na Errol Dunkley. Haikufika mbali, lakini mwaka huohuo mtayarishaji Keith Hudson alimrekodi "S.90 Skank". Wimbo huo unahusu Honda S90, pikipiki ndogo iliyopendwa sana na vijana wa Kingston, na pamoja na kuisifu unamwonya mwendeshaji asije akajiua kwa mbio. Hudson hakutosheka na maneno. Pikipiki yenyewe iliingizwa studioni, ikawashwa mbele ya maikrofoni, na mngurumo wake ukarekodiwa kuwa sehemu ya wimbo. Kibao hicho kilishika namba moja Jamaika na kumfanya aliyekuwa fundi wa dizeli kuwa jina la kila mtaa.

Mwaka 1973 ilifuata albamu ya kwanza, "Screaming Target", iliyotayarishwa na Gussie Clarke, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi ya utayarishaji. Wimbo uliobeba jina la albamu ulijengwa juu ya mdundo wa "No, No, No", wimbo uliorekodiwa kwanza na Dawn Penn na baadaye kurudiwa na K.C. White. Hapo msikilizaji anapata picha kamili ya mtindo wa Big Youth. U-Roy alidakia mistari ya mwimbaji na kuijibu kwa vishindo na vicheko. Big Youth alikokota sauti, akaghani kwa utulivu unaokaribia sala, na mara kwa mara akaachia yowe. Alileta pia imani ya Rastafari katikati ya dansi. Akawa miongoni mwa madijei wa mwanzo kuonyesha rasta zao waziwazi jukwaani, na meno yake ya mbele aliyatia vito vya rangi nyekundu, kijani na dhahabu. Wakati huohuo alikuwa mpasha habari wa mtaa. Januari 1973, George Foreman alipomtwanga Joe Frazier katika raundi ya pili kwenye Uwanja wa Taifa mjini Kingston na kutwaa ubingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, Big Youth aliligeuza pambano hilo kuwa santuri.

Sifa hizo zote hazikumaanisha fedha. Katika biashara ya muziki ya Jamaika ya miaka hiyo, mwenye mali alikuwa mtayarishaji. Yeye ndiye aliyekodi studio, akawalipa wanamuziki na kubaki na utepe wa mdundo, ambao angeweza kuutumia tena na tena kwa waimbaji na madijei tofauti. Dijei aliitwa, akaghani mara moja au mbili, akapewa malipo ya papo kwa papo na kwenda zake. Kama santuri iliuzwa maelfu kwa maelfu au ilisafirishwa Uingereza, mara nyingi hakupata cha ziada. Sheria nayo haikumsaidia sana: Jamaika ilikuwa bado inatumia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotungwa kabla ya vituo vya redio na saundi sistimu kuwapo.

Big Youth alijibu hali hiyo kwa kuwa mtayarishaji mwenyewe. Kuanzia mwaka 1973 alitoa santuri kupitia lebo zake mbili, Negusa Nagast na Augustus Buchanan. Ya pili ni jina lake. Ya kwanza ni cheo cha wafalme wa Ethiopia, Mfalme wa Wafalme, alichokuwa nacho Haile Selassie, ambaye Marasta wanamheshimu kama masihi. Uamuzi huo ulimbebesha gharama na hatari zote zilizokuwa za mtayarishaji. Ilibidi atafute fedha za saa za studio, achague midundo, apeleke kazi kiwandani ikachapwe, kisha santuri zifikishwe madukani. Kwa upande mwingine, hakuna aliyeweza kumwamulia aghani nini. Alirekodi nyimbo ndefu za imani na za dhiki za mjini, na akazichukua nyimbo za soul za Marekani akazipa sura ya rege, akiimba na kughani kwa zamu. Mfano unaojulikana zaidi ni "Hit the Road Jack", wimbo uliovumishwa na Ray Charles, uliotoa jina la albamu yake ya mwaka 1976. "Natty Cultural Dread" ilitoka mwaka huohuo. Hata hivyo hakuwakimbia watayarishaji wengine: "Dreadlocks Dread" ya mwaka 1975, mojawapo ya albamu zake zinazosifiwa zaidi, ilitayarishwa na Tony Robinson.

Mwaka 1978 albamu yake "Isaiah First Prophet of Old" ilisambazwa nje na Front Line, tawi la rege la kampuni ya Virgin ya Uingereza. Mwaka huohuo alionekana kwenye filamu "Rockers" ya Theodoros Bafaloukos. Mhusika mkuu wa filamu hiyo ni mpiga ngoma Leroy "Horsemouth" Wallace, anayenunua pikipiki ili asambaze santuri mwenyewe na kuibiwa chombo chake kabla biashara haijashika kasi. Ingawa ni hadithi ya kubuni, shida inazosimulia ndizo zilizomkabili kila msanii wa Kingston aliyejaribu kujitegemea.

Miaka ya 1980 ilibadilisha upepo. Madijei wapya, Yellowman akiwa mbele yao, walitawala kwa utani, majigambo na mambo ya chumbani, na mahubiri ya Kirasta yakapungua kwenye madansi. Mwaka 1985 "Under Mi Sleng Teng", wimbo wa Wayne Smith uliotayarishwa na King Jammy kwa mdundo wa kinanda kidogo cha Casio, ulifungua zama za midundo ya kielektroniki. Big Youth alibaki na mkondo wake. Albamu yake ya mwaka huo iliitwa "A Luta Continua", wito wa mapambano wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Aliendelea pia kupanda jukwaa, likiwemo la tamasha la Reggae Sunsplash.

Njia ya dijei kuwa mtayarishaji ilifuatwa na wengi. Tappa Zukie alikuwa na lebo ya Stars, Jah Thomas akaanzisha Midnight Rock na kuwarekodi waimbaji chipukizi, naye Prince Jazzbo akaipa lebo yake jina la Ujama. Sheria ilifuata polepole: Jamaika ilipitisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 1993, miaka 20 baada ya Big Youth kuanza kubandika jina lake mwenyewe kwenye santuri. Nyingi za rekodi alizojitengenezea miaka ya 1970 zilikusanywa baadaye na lebo ya Uingereza ya Blood and Fire katika mkusanyiko wa diski tatu, "Natty Universal Dread". Kazi za enzi ya lebo zake zikawafikia hivyo wasikilizaji ambao hawakuwa wamezaliwa zilipochapwa kwa mara ya kwanza.