Karamu Iliyochorwa kwa Masizi

Hapa Tarasaa masizi ya jikoni huhesabiwa kuwa uchafu tu. Lakini katika karne ya 17 wachoraji wengi wa Italia walitumia wino wa kahawia uliotengenezwa kwa masizi ya kuni yaliyolowekwa majini na kuchujwa.

Miongoni mwa wachoraji wa zama zile alikuwa Giovanni Benedetto Castiglione wa Genoa, aliyefariki mwaka 1664. Yeye alichora karamu za hadithi za kale: viumbe wenye miguu ya mbuzi wakipiga filimbi, na mzee Silenus amelewa chakari. Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alinunua michoro yake mingi, nayo ingali imehifadhiwa Windsor.

Ngoma zetu za Mto Tana nazo zinao wazee wazijuao. Lakini wazee hawadumu. Enyi vijana, masizi hayauzwi: chorani!