Simu yako mpakani: usibebe majina ya wengine



Tangu mgogoro wa Wambole na Walengola uzuke Lubunga mwaka 2023, familia nyingi zilizokimbia hupata habari za nyumbani kwa WhatsApp. Hilo ni jema. Lakini simu nayo husafiri. Anayetoka Yanonge kwenda Uganda hupanda mto hadi Kisangani, kisha hushika barabara namba 4: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, hadi mpaka wa Kasindi. Kwenye barieri yoyote mwenye silaha anaweza kusema: fungua simu.

Watu hujipa moyo kwamba ujumbe wa WhatsApp hausomwi na mtu wa tatu. Ni kweli ukiwa njiani. Simu ikishafunguka mikononi mwa askari, ulinzi huo umekwisha. Tena picha za kundi mara nyingi hujihifadhi zenyewe katika simu. Picha ya maiti au sauti ya uchochezi iliyotumwa na mtu usiyemjua itahesabiwa kuwa yako.

Basi isafisheni nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari. Kufuta mbele ya askari ni kujitia mashakani. Tokeni katika makundi msiyoyahitaji. Mkifuta picha, fungueni pia pipa la taka la simu, maana mara nyingi hukaa humo siku 30. Na fungeni simu kwa namba ya siri, si kwa kidole. Kidole mtu aweza kukishika kwa nguvu.

Viongozi wa kamati, hapa nasema nanyi zaidi. Orodha za familia, majina ya mashahidi, picha za mikutano ya upatanisho: akikamatwa mmoja na simu yake, wote wanajulikana. Mwachieni orodha anayebaki, naye awaondoe kundini mpaka mfike.

Mkifika, wengi hununua kadi ya SIM ya Uganda na kuitupa ya Kongo. Baada ya muda kampuni inaweza kumpa mtu mwingine namba ile, naye akafungua WhatsApp kwayo. Kabla ya kuitupa, badilisheni namba ndani ya WhatsApp, kisha wekeni namba ya siri ya tarakimu 6. Waliobaki Yanonge wapigieni, wasikie sauti yenu ikitaja namba mpya. Maandishi peke yake wasiyaamini.