KIKO CHA BABU NI SHAHIDI WA VITA

Kiko ni chombo kidogo. Kina bakuli la kutilia tumbaku, na mrija wa kuvutia moshi. Lakini kiko kilichochongwa kwa mkono kinaweza kutunza habari za miaka mingi.

Huko Marekani, wananchi walipigana wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1861 hadi 1865. Askari walipopumzika, walichimba mizizi ya miti ya porini. Wakaichonga viko kwa visu. Wengine walichora juu yake majina yao, vikosi vyao na mahali walipopigana. Leo askari hao wamekwisha kufa, lakini viko vyao bado vinasema.

VITA VILIFIKA KWETU

Ndugu msomaji, vita vilifika Masasi na Newala pia. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka 1914. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Oktoba 1916 Wareno waliteka Newala. Mwezi uliofuata Wajerumani waliwafukuza.

Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana vikali huko Mahiwa kwa siku nne. Novemba Waingereza waliingia Newala. Tarehe 25 mwezi huo, Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alivuka Mto Ruvuma akaingia Msumbiji. Siku tatu baadaye kikosi kingine cha Wajerumani, chini ya Tafel, kilisalimu amri karibu na Newala. Chakula kilikuwa kimekwisha.

WAPAGAZI WASIO NA MAJINA

Mizigo ya vita ilibebwa na watu vichwani. Mbung'o waliua punda na farasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, walikufa wapagazi zaidi ya 90,000. Wengi waliuawa na magonjwa na njaa, si risasi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Ndiyo sababu kitu kidogo alichoacha mzee ni mali kubwa. Huenda kikawa ndicho shahidi pekee wa safari yake.

KAZI YA FUNDI

Wamakonde ni mafundi wa kuchonga tangu zamani. Walichonga vinyago, fimbo, vitana na vikopo vya ugoro. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka Ujerumani, alifika Masasi na Newala. Alikusanya vitu vingi vya wenyeji, akavipeleka kwao.

Mpingo ni mti mgumu sana. Nje ni mweupe, moyo wake ni mweusi. Fundi hukata kwa shoka na tezo, kisha humalizia kwa patasi, kisu na msasa.

TUFANYE NINI?

Je, nyumbani kwenu kuna kiko, fimbo au sarafu ya wakati wa vita? Fanya hivi:

1. Waulize wazee kilikuwa cha nani, na alikipata wapi.
2. Andika majibu katika daftari. Andika jina la mwenyewe, kijiji chake na mwaka, kama unajulikana.
3. Kiweke mahali pakavu, mbali na mchwa na jua kali.
4. Usikiuze haraka kwa mgeni apitaye. Fedha itakwisha, na habari itakwenda naye.

Kiko hicho ni cha kutunzwa, si cha kuvutwa. Tumbaku hudhuru mapafu na moyo.

Wazee wetu wengi hawakupata nafasi ya kujua kusoma na kuandika. Wewe umeipata. Andika jina la babu yako leo, kabla ya anayelikumbuka hajaondoka.