Mgonjwa Bustanini: Soma Jani Kabla ya Kushika Dawa

Mvua za mwisho huiaga Busunzu kuelekea mwezi Mei, kisha nyanda hizi za juu kati ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hukauka hadi karibu Oktoba. Mahindi yameshavunwa na maharage yameshapigwa. Mboga ya familia sasa inategemea matuta machache nyuma ya jiko au kando ya kijito bondeni: mchicha, chainizi, sukuma wiki, ngogwe, nyanya. Mche ukianza kunyong'onyea wakati huu, kitoweo cha wiki nzima kiko hatarini, na mwenye bustani hushikwa na haraka. Ukionekana wa njano, unawekewa urea. Ukinyauka, unamwagiwa maji. Ukiwa na madoa, unapigwa dawa yoyote iliyopo dukani. Mimea mingi hufa kwa tiba isiyo yake.

Mmea unaougua hutoa dalili kwa mpangilio, na kila mpangilio una sababu yake. Anayeufahamu anaweza kuokoa sehemu kubwa ya bustani kwa jembe, samadi na matandazo, bila kuvunja kibubu.

Njano imeanzia wapi?

Kabla ya kuuliza jani lina rangi gani, uliza ni jani lipi lililotangulia kubadilika. Nitrojeni ni kirutubisho ambacho mmea unaweza kukihamisha. Ikipungua udongoni, mmea huvunja protini za majani ya zamani na kupeleka nitrojeni kwenye machipukizi. Ndiyo maana njaa ya nitrojeni huanzia chini: majani makuukuu yanapauka yote huku ya juu yakibaki kijani. Madini ya chuma, yakishakaa kwenye jani, hayahami kwa urahisi. Upungufu wake huanzia juu, kwenye majani machanga, nayo huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Potasiamu ikikosekana, majani ya chini huungua kingo. Upungufu wa fosforasi huleta rangi ya zambarau chini ya jani la nyanya au kwenye mahindi machanga.

Zambarau hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini katika nyanda za juu za Kigoma. Mvua hapa huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, na kwa karne nyingi zimekuwa zikiosha kalisi na magnesi kutoka kwenye udongo. Kilichobaki katika udongo mwingi mwekundu ni oksidi za chuma na aluminiamu, pamoja na tindikali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, huku oksidi zikiishikilia fosforasi isifike kwenye mmea. Mche unaweza kufa njaa huku chakula kipo.

Kwa udongo wa namna hiyo, samadi iliyooza vizuri na mboji husaidia kuifungua fosforasi iliyoshikiliwa. Majivu ya jikoni, yakinyunyizwa kidogo na kuchanganywa na udongo, hupunguza tindikali na kuongeza potasiamu na kalisi. Usiyachanganye na samadi mbichi wala urea, kwa sababu nitrojeni itapaa hewani ikiwa amonia. Mbolea ya mawe ya fosfeti kutoka Minjingu, mkoani Manyara, hufanya kazi vizuri zaidi penye tindikali, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Lipo pia alizeti pori, lenye maua ya njano na linaloota kando za njia sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa majani yake mabichi yana nitrojeni na potasiamu kwa wingi, na huoza haraka yakifukiwa.

Kiu, au maji kupita kiasi?

Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi hutokea majanini kama mvuke. Jua la saa nane mchana likiwaka, hata mmea wenye afya hulegea, kwa hiyo upime alfajiri. Ukikuta umesimama, ulilemewa na joto tu. Ukikuta bado umelala, chomeka kidole udongoni. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yazame kwenye mizizi, kisha tandaza nyasi kavu. Kunyunyiza juu juu kila siku hufundisha mizizi kubaki karibu na uso wa udongo, mahali panapokauka kwanza.

Lakini ikiwa udongo umelowa na mmea umenyauka, weka ndoo chini. Mizizi hupumua. Maji yakijaza nafasi zote za hewa, mizizi hukosa oksijeni na kushindwa kunyonya maji hayo hayo yaliyoizunguka. Bustani za bondeni hupata tatizo hili mara kwa mara, na dawa yake ni kufungua mfereji na kuinua tuta.

Nyanya zinazooza kitako zikiwa bado mtini nazo hutibiwa vibaya sana. Watu hupiga dawa ya ukungu, ilhali doa hilo jeusi husababishwa na upungufu wa kalisi ndani ya tunda. Kalisi husafiri na maji, na tunda hupitisha maji machache kuliko majani. Umwagiliaji wa kusuasua hulinyima tunda kwanza. Toa matunda yaliyoharibika, mwagilia kwa ratiba, weka matandazo. Yatakayofuata yatakuwa mazima.

Ng'oa mmoja uokoe mingi

Majani yasipotoa jibu, toa mmea mmoja mhanga. Mharage ukiwa na vinundu vilivyoning'inia pembeni ya mizizi na vinavyobanduka kwa kidole, usiogope. Humo mna bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Kipasue kimoja: kikiwa cha waridi ndani, kinafanya kazi, na rangi hiyo hutokana na protini iliyo jamaa ya ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu.

Uvimbe ulio sehemu ya mzizi wenyewe na usiobanduka ni kazi ya minyoo fundo. Nyanya iliyoshambuliwa inaweza kusaidiwa imalize msimu: pandishia udongo shinani, kwa maana shina la nyanya hutoa mizizi mipya likifukiwa, kisha ongeza samadi iliyooza. Msimu ujao tafuta mbegu yenye ukinzani, kama Tengeru 97 iliyotokana na utafiti wa Tengeru, Arusha.

Nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado kijani inahitaji kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kipande, huo ni mnyauko bakteria, na hauna tiba. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uchome, na usafishe jembe. Kwa misimu kadhaa usipande hapo nyanya, ngogwe, bilinganya, pilipili, mnavu wala viazi mviringo, kwani yote ni mimea ya ukoo mmoja. Weka mahindi au kabichi.

Wadudu nao wasipigwe dawa kwa mazoea. Kantangaze, aliyetoka Amerika ya Kusini na kugunduliwa Tanzania mwaka 2014, huchimba njia ndani ya jani la nyanya, ambako dawa nyingi za juu hazimfikii. Chuma majani yenye michoro, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uyaanike juani. Ukiyatupa kando ya tuta, atarudi. Vidukari hupungua kwa maji ya sabuni. Mmea wa utupa pia huua wadudu wengi, ila si kila utupa una sumu hiyo: watafiti nchini Malawi walikuta aina mbili zinazofanana kwa macho, moja ikiwa haina nguvu. Wenye nguvu huua samaki, basi usiuoshee kijitoni.

Dalili zikikushinda, mwone afisa kilimo wa kata yako, na usimpelekee jani moja lililokauka mfukoni. Mpelekee mmea mzima, mizizi ikiwa na udongo wake, umweleze ugonjwa ulianzia jani lipi, lini, na ulimwagilia vipi. Hapo ndipo atakapoweza kukushauri kwa uhakika, na fedha ya dawa isiyohitajika itabaki nyumbani.