USIKIMBILIE SABUFA, ZIBA BOKSI KWANZA!

UKIPITA mitaa ya Kasulu mjini jioni ya wikiendi, utadhani kila geto lina disko lake. Kibondo nako ni hivyo hivyo. Zamani raha hii ilikuwa na masharti. Umeme wa TANESCO huko ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na wasiokuwa nao walipigia muziki betri ya gari. Mwaka 2022 gridi ya taifa ikaingia, na vijana wakaanza mashindano: leo huyu kaleta sabufa, kesho jirani kaleta kubwa zaidi.

Nami nusura niingie mkenge. Marehemu mzee wetu alituachia pale Kasulu spika mbili za mbao, za redio yake ya zamani. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa: besi hakuna, juu zinakwaruza tu. Nikapanga kuziuza kwa bei ya kutupa, niongezee nipate redio iliyoandikwa wati 2,000. Mama hakunipinga. Alisema tu, "Sawa mwanangu, ila hizo ndizo baba yako alizosikilizia taarifa ya habari."

Maneno hayo yakanikaa. Nilipopata safari ya Kibondo, nikazipakia kwenye basi hadi kwa fundi redio mmoja. Akazigeuza, akagonga boksi kwa kidole, akacheka. "Mdogo wangu, hizi hazijafa. Zinavuja."

Zinavuja? Ndiyo! Koni ya spika ikienda mbele inasukuma hewa mbele, na nyuma yake inavuta. Boksi likiwa na nyufa, hewa ya nyuma inakutana na ya mbele na kuuana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Mmarekani Edgar Villchur alilifanyia kazi jambo hili mwaka 1954, akatengeneza spika ndogo ambayo hewa iliyofungwa ndani ya boksi ilifanya kazi kama springi. Kaboksi kadogo, besi nzito!

Na zile wati 2,000? Fundi akanipa somo la bure. Geuza redio nyuma usome inakula wati ngapi za umeme. Kama inakula 60, hizo 2,000 inazitoa wapi, shambani? Wati za PMPO ni namba za kupamba kasha. Isitoshe, hata ukizidisha wati mara mbili za kweli, sauti hupanda desibeli 3 tu. Sikio litatambua, lakini mtaa hautahama.

Basi, kazi ilikwenda hivi, na nyingi kati ya hizi unaweza kuzifanya mwenyewe. Zima redio na uchomoe waya ukutani kwanza.

Ziba nyufa. Kaza skrubu zote. Kwenye maungio paka gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa randa, au silikoni. Ikishakauka, washa muziki wenye besi, kisha pitisha mkono uliolowa maji kandokando ya boksi. Ukisikia kaupepo, bado linavuja. Ila kama boksi lako lina tundu lililowekwa makusudi na kiwanda, liache, usilizibe.

Weka sponji ndani. Kipande cha godoro kuukuu kinatosha. Kibandike kwenye kuta za ndani, kisiguse koni wala kuziba tundu. Hapo sauti haidundi tena kama ndani ya pipa.

Kagua nyaya. Spika moja ikifungwa chanya kwa hasi, mbili hizo zinavutana na besi inapotea. Chomoa spika kwenye redio, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 mara moja tu: chanya kwa chanya, koni hutoka nje. Ikiingia ndani, alama zimegeuzwa.

Tazama twita. Kale kaspika kadogo ka sauti za juu hulindwa na kapasita, na kapasita huzeeka ikakauka. Zangu zilikuwa hoi. Fundi akachomelea mpya za maikrofaradi 4.7, zile zisizo na chanya wala hasi. Kwa twita ya omu 8, hiyo hupitisha sauti za kuanzia mitetemo kama 4,200 kwa sekunde, na kuzipunguza za chini yake zinazounguza twita.

Usichezee omu. Kama redio yako inataka spika za omu 8, usiifunge za omu 4 ati kwa sababu zina sauti kubwa. Utaiunguza, kisha useme umerogwa.

Mwisho, mahali pa kuziweka. Milimani kwetu mvua ni ndefu, na sakafu yenye unyevu huvimbisha mbao na kulegeza koni za karatasi. Zipandishe kwenye stuli, twita ielekee masikio, na zisogeze mbali na kona, maana kona huifanya besi ingurume bila mpangilio. Nyumba ya tofali na bati ina mwangwi, kwa hiyo pazia zito au mkeka ukutani husaidia.

Nikarudi Kasulu, nikafunga, nikaweka Leka Dutigite ya Kigoma All Stars ya mwaka 2012. Lo! Sauti za waimbaji zilikuwa zinatengana, kila mmoja na mahali pake. Mama akatoka jikoni akifuta mikono.

"Umenunua redio mpya?"

"Hapana mama, ni zile zile za mzee."

Akakaa. Wimbo ulipokwisha akaniambia nitafute stesheni yenye taarifa ya habari.

Haya, kijana wa mjini, kabla hujakopa hela ya sabufa, tafuta bisibisi kwanza.