Mzee Mwenye Ugonjwa wa Sukari Bado Ana Kazi

Penye wazee haliharibiki neno. Basi, mzee mkulima, ikiwa una ugonjwa wa sukari, usikae barazani tu na ujuzi wako wa miaka 40. Nenda kwenye kitalu cha miche cha shule ukawafundishe watoto kusia, kuatika na kupogoa, ijapokuwa hakuna mshahara.

Lakini kwanza kula. Vaa viatu, kwa maana kidonda kidogo cha mguu chaweza kuwa kikubwa usisikie maumivu. Mwambie mwalimu ugonjwa wako, nawe uchukue sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho ghafula, keti uile mara moja. Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya walipewa vyombo vya kupimia sukari. Mwombe wa kijijini kwenu akupime.